Kilichobeba Dawa

Kisahani cha sita ndicho kilichomtoa Nerima jasho. Tangu asubuhi alikuwa ameinama juu ya hadubini akihesabu seli za saratani, zilizo hai na zilizokufa, na hicho cha sita alikihesabu mara tatu. Kisha akavua glavu, akakaa kwenye stuli ya chuma, akabaki akitazama ukuta.

Kwa miaka minne hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake katika maabara ndogo ya utafiti mjini Tororo. Seli zenyewe zilitoka kwenye titi la mwanamke aliyekufa zamani huko ng'ambo, nazo ziliendelea kuzaana ndani ya kabati la joto kana kwamba hakuna aliyezipa habari za msiba. Nerima alizilisha, akazihamisha, akazitia dawa, kisha akahesabu maiti.

Dawa waliyokuwa wakiijaribu haikuwa ngeni. Kilichokuwa kigeni ni kibebeo chake. Dawa ile haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo wataalamu walikuwa wameifunga ndani ya vifuko vidogo mno, vilivyosokotwa kwa nyuzi za kitu cha jamii ya plastiki, ili damu ivichukue hadi kwenye uvimbe. Kibebeo kikishafikisha dawa kilitakiwa kumeng'enyuka na kutoka kwa mkojo, basi. Ndiyo maana katika kila jaribio palikuwa na visahani vilivyotiwa kibebeo kitupu, bila dawa, ili ithibitike kwamba chenyewe hakifanyi lolote.

Lakini kilifanya. Seli zilizotiwa kibebeo kitupu zilivimba, zikajaa mapovu madogo ndani, na siku mbili baadaye, zilipotiwa dawa yenyewe, hazikufa kama zile nyingine. Katika seli mia, dawa ilizoea kuua themanini. Hapa iliua arobaini na tano. Ni kama kibebeo kilikuwa kimetangulia kuzionya, nazo zikajikinga. Wiki ya kwanza Nerima alijilaumu mwenyewe, akamwaga vyote na kuanza upya. Wiki ya pili akalaumu kabati la joto. Hii ilikuwa wiki ya tatu na hakubaki na wa kumlaumu.

Upande wa pili wa ukuta ilikuwa kliniki ya utafiti huohuo. Wanawake arobaini na mmoja walikuwa wakitiwa dawa hiyo kwenye mshipa kila baada ya wiki tatu. Mmoja wao alikuwa Abbo, mama mkwe wake.

Dakta Phanuel Oguttu, mkuu wa utafiti, alizisoma karatasi akiwa amesimama. Alipofika ya mwisho akasema, "Funga mlango."

Nerima akaufunga.

"Nani mwingine ameona hii?"

"Hakuna, Dakta."

"Umerudia mara ngapi?"

"Tatu."

"Mara tatu kwa mkono mmoja. Wako." Akaketi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na hakuna siku aliyowahi kumgombeza mfanyakazi mbele ya mwingine. "Nerima, kisahani si mtu. Mtu ana ini, ana figo, ana damu inayozunguka. Wewe umeziogesha seli kwenye kibebeo siku mbili nzima. Mwilini kinakaa saa ngapi?"

"Kwenye damu tunajua. Ndani ya uvimbe hatujui. Ndiyo maana nilifikiri..."

"Hatujui," Dakta alirudia. "Nikipeleka 'hatujui' kwa kamati ya usalama, watasimamisha. Wakisimamisha, mfadhili anaondoka. Hawa wanawake wataenda wapi? Kampala foleni ni ya miezi."

"Lakini kama dawa inaua kidogo halafu zinazobaki zinakuwa sugu..."

"Uvimbe wa mama yako unapungua ama haupungui?"

Ulikuwa unapungua. Ulipoanza kutibiwa ulikuwa ukubwa wa yai la kuku. Sasa, baada ya kutiwa dawa mara nne, ulikuwa kama njugumawe. Kipimo cha mwisho alikishika kwa mkono wake mwenyewe, akakimbia nacho nyumbani kwa furaha.

"Desemba vifaa vipya vikija nitampa mtu mwingine arudie," Dakta akasema, akizipanga karatasi vizuri na kuziweka kwenye droo yake. "Mpaka hapo hili ni jambo la ndani. Karatasi ya siri ulitia sahihi. Na jina la yule mama halikuwa kwenye orodha, unakumbuka. Ni mimi nililiingiza, kwa ajili yako." Aliyasema bila ukali wowote, kama anayemkumbusha mtu azime taa.

Kwenye ukumbi alikutana na Sista Aguti, muuguzi wa kliniki, amebeba trei. "Mama yako ni Alhamisi, usisahau," Sista alisema. "Mwambie aje amekula."

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Owori, mume wa Nerima, alikuwa fundi wa kusuka upya mota zilizoungua. Karakana yake ilikuwa Rubongi, chumba kimoja mbele ya nyumba, na mota za mashine za kusaga zilimngoja sakafuni zikiwa zimepasuliwa matumbo. Nerima alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Owori hakuacha kuzungusha waya mpaka alipomaliza.

"Wewe ndiye ulisema ni salama," alisema.

"Nilisema nilichokijua, Baba Nathan."

"Ulimwambia mama kile kibebeo ni kama boda. Kinamleta abiria, kinamshusha, kinageuza. Maneno yako hayo. Mimi nikakaa pale nikamtafsiria kwa Kidhopadhola, neno kwa neno, mpaka akakubali." Akaukata waya kwa koleo. "Sasa unataka nimtafsirie nini? Kwamba boda imeingia ndani ya nyumba ikakaa?"

"Nataka ajue."

"Akishajua afanye nini? Una dawa ingine mfukoni?"

"Sina."

"Basi hilo utamwambia mwenyewe. Kwa Kiswahili chenu."

Kiswahili kilikuwa lugha yao ya katikati, yeye na mama mkwe. Nerima alikuwa Msamia wa Busia; Abbo alikuwa mama wa Iyolwa aliyejifunza Kiswahili kwa kuuza simsim mpakani, na alikizungumza alivyokiokota, bila kukiomba ruhusa. Tangu augue alikuwa amehamia kwao. Nywele zilikuwa zimemtoka zote, akawa anafunga kitambaa cha bluu hata akiwa peke yake. Nerima alimkuta kwenye veranda ya nyuma, ungo uko mapajani, anachambua simsim. Akapiga magoti kumsalimia, kisha akakaa kwenye mkeka, chini kidogo yake.

"Mama, nataka kusema neno kuhusu dawa."

"Sema."

Nerima akasema. Alitafuta maneno mepesi, akaachana na yale ya maabara, na pale alipokosa neno alichora kwa kidole kwenye vumbi. Abbo aliendelea kuchambua. Nerima alipofika kwenye zile arobaini na tano, mikono ikasimama.

"Ngoja. Hiyo ya kubeba, ndiyo iko nafundisha ugonjwa?"

"Kwenye kisahani, ndiyo. Kwenye mwili wa mtu, sijui."

"Daktari nasema nini?"

"Anasema tungoje."

"Na hii yangu iko napungua."

"Inapungua, mama. Hilo ni kweli kabisa."

"Nikitoka kwa hii, kuna ingine?"

"Iko Kampala, ya zamani. Inasumbua mwili zaidi. Na kuna kungoja, miezi miwili, hata mitatu."

Abbo aliupepeta ungo mara mbili, makapi yakaruka uani. "Mama Nathan, mimi nilizika dada yangu na hii ugonjwa. Alikuwa nakunywa majani ya mzee moja kule kwetu. Titi ilioza. Watu wakakataa kulala naye kwa nyumba. Ni mimi nilikuwa naosha yeye, asubuhi na jioni, mpaka akakufa." Alizungumza taratibu, macho yako kwenye simsim. "Sasa wewe nasema nitoke kwa kitu iko napunguza, sababu ya kitu uliona kwa sahani?"

"Sisemi utoke, mama. Nasema ujue."

"Nimejua. Alhamisi nakwenda. Na wewe nyamaza. Usiharibu."

"Wako wengine arobaini. Wao hakuna aliyewaambia."

"Hao si mama ya bwana yako," Abbo alisema, akaurudisha ungo mapajani. Kwake maneno yalikuwa yameisha.

Alhamisi Abbo alitiwa dawa. Nerima alikuwa upande wa pili wa ukuta, akimsikia Sista Aguti akimchekesha, na mikono yake ikamwaga maji ya seli juu ya meza, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Aliyafuta. Akafikiri: nikisema, namnyang'anya mama huyu kitu alichonikataza kwa mdomo wake nisikiguse. Nisiposema, kesho kutwa namsalimia mwanamke wa Osukuru, mmoja wa wale arobaini, kwenye benchi la kliniki, namuuliza watoto hawajambo. Aligeuza shauri hili kila upande, na kila upande palikuwa na mtu amesimama.

Siku iliyofuata aliomba ruhusa, akasema anakwenda Busia kumwona mama yake mzazi. Alipita hatua chache kutoka nyumba ya mama yake bila kukata kona, akavuka mpaka hadi upande wa Kenya, kwa kuwa utafiti ulikuwa wa nchi zote mbili na ofisi ya kamati ya usalama ilikuwa huko, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati.

Katibu wa kamati alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Sandra, miwani kwenye kamba. Nerima alimweleza yote, pamoja na habari za mama mkwe, naye akazisoma nakala za hesabu ukurasa kwa ukurasa, akapiga kalamu mezani.

"Hizi umezitoa kazini kwa ruhusa ya nani?"

"Bila ruhusa ya mtu."

"Sawa. Na umekuja hapa kama mfanyakazi ama kama jamaa ya mgonjwa?"

"Vyote viwili."

"Dada, hiyo ndiyo shida. Wakisoma 'mkwe' hapa juu, watasema una vita na mkubwa wako. Au unatafuta fidia." Alimtazama juu ya miwani. "Huyo mama mkwe mwenyewe amekubali ulete?"

"Amekataa."

Bi Sandra akaiweka kalamu chini. "Amekataa, na wewe umeleta."

"Wako arobaini ambao hawajaulizwa."

Nje mtu alikuwa akipiga honi ya lori bila kukoma. Bi Sandra akainuka, akafunga dirisha, akarudi na fomu. "Andika uhusiano wako hapo juu kabisa. Usiufiche, wataupata tu. Na ujue, hii nikishaigonga muhuri, huwezi kurudi kesho uniambie umebadilisha mawazo."

Nerima akaandika: mkwe. Muhuri ukagongwa. Wakati anashuka ngazi alishika ukuta hatua kwa hatua, na msichana wa duka la mabati akamuuliza kama ni mjamzito.

Barua ya kumsimamisha kazi ilimfikia baada ya siku kumi. Aliambiwa aache funguo na koti jeupe kwa askari wa getini. Askari huyo, ambaye kwa miaka minne alimwita Daktari kwa utani, safari hii alimpekua mkoba. Nyumbani Owori aliisoma barua, akairudisha ndani ya bahasha, na tangu siku hiyo akawa anamwomba chumvi kupitia kwa Nathan, mtoto wao. Abbo alihesabu siku zilizobaki kabla ya kutiwa dawa tena.

Alhamisi yake ilipofika alioga, akavaa gomesi yake ya kanisani, akasema twende. Nerima alijaribu kumwambia mlangoni kwamba huenda hakuna dawa leo. "Nitasikia na masikio yangu," Abbo akajibu, akapanda pikipiki ya mwanawe. Nerima akafuata kwa miguu.

Alipofika, benchi lilikuwa limejaa na Sista Aguti amesimama na karatasi. Alisoma kwa Kiingereza, kisha akaeleza kwa Kiswahili, kisha kwa Ateso: utafiti umesimamishwa kwa muda, kamati inachunguza, watapigiwa simu. Wanawake walitazamana. Mmoja akaanza kulia taratibu bila kuficha uso.

"Nani amesimamisha?" aliuliza yule wa Osukuru.

"Kamati."

"Na kamati imeambiwa na nani?"

Sista Aguti aliitazama karatasi ingawa jibu halikuwamo. Nerima alikuwa mlangoni. Angeweza kurudi nyuma hatua mbili tu, na hakuna ambaye angemwona.

"Mimi," alisema.

Akawaeleza kama alivyomweleza Abbo: vifuko, mapovu, themanini na arobaini na tano, na kwamba mwilini hakuna ajuaye. Walimsikiliza mpaka mwisho. Yule wa Osukuru ndiye aliyeinuka.

"Haya mambo umeyajua tangu lini?"

"Hii ni wiki ya sita."

"Wiki ya sita," alisema mwanamke yule. "Na ulikuwa unapita hapa unatusalimia."

Nerima alikuwa amejiandaa kutukanwa kwa sababu ya kusema. Hilo la kunyamaza halikuwa limemjia kichwani kwamba lingemfikia kwanza. Abbo alinyanyuka kutoka mwisho wa benchi, akajifunga kitambaa vizuri, akapita karibu yake bila kumtazama hadi kwa Owori, aliyekuwa akingoja kwenye pikipiki nje ya geti. Nerima alirudi Rubongi kwa miguu, jua likiwa la utosi.

Kamati haikuharakisha. Ilitaka visahani virudiwe kwenye maabara nyingine, na wakati wa kungoja mfadhili aliondoka kama Dakta Oguttu alivyosema. Dakta mwenyewe alihamia kufundisha. Walipokutana sokoni alimsalimia Nerima kwa adabu, akamuuliza habari za nyumbani, akaenda zake. Wagonjwa waliandikiwa barua za kwenda Kampala kupata dawa ya zamani. Wengine walikwenda. Mwanamke wa Osukuru hakwenda, na Nerima aliposikia hivyo alitaka kumtembelea, akafika hadi njia panda na kurudi.

Abbo alingoja wiki tisa. Katika wiki hizo uvimbe uliacha kuwa njugumawe, ukaanza kukua tena. Alikuwa akiupima mwenyewe kwa vidole kila asubuhi, na kila asubuhi Nerima alisimama nje ya pazia na maji ya moto, akingoja kuitwa au kutoitwa.

Majibu ya maabara ya pili yalikuja kwa karatasi moja. Athari ya kibebeo kwenye seli imeonekana, iliandikwa. Umuhimu wake kwa mgonjwa haujulikani. Nerima alimpelekea Owori ile karatasi karakanani. Alisoma, akafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, akasoma tena.

"Kwa hiyo ulisema kweli," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake moja kwa moja baada ya muda mrefu.

"Kwenye kisahani."

"Na kwa mama?"

"Hakuna ajuaye," Nerima akasema. Owori akaikunja karatasi, akarudi kwenye waya zake.

Nafasi ya Kampala ilipopatikana ilibidi mtu amsindikize, alale naye, arudi naye, kila wiki tatu. Owori alikuwa na mota za watu. Abbo aliamua mwenyewe. "Wewe tu ndiyo hauna kazi," alimwambia Nerima, na hilo pia lilikuwa kweli.

Wakawa wamekaa kwenye viti vya plastiki katika wodi ndefu, mgonjwa kando ya mgonjwa, chupa zikining'inia juu yao. Muuguzi, kijana mwenye haraka, alianza kufunga mpira juu ya kiwiko cha Abbo.

"Uliza yeye," Abbo akasema, "hii nayo imebebwa na nini."

Nerima hakuwa na haja ya kuuliza. "Mafuta ya nyonyo, mama. Yamebadilishwa kidogo, yakachanganywa na spiriti."

"Nyonyo hii ya kuota nyuma ya choo?"

"Hiyohiyo."

"Na yenyewe nafanya nini?"

"Inaweza kukuwasha mwili. Inaweza kukubana kifua, na ikianza hivyo useme mara moja, usivumilie. Baadaye vidole vinaweza kufa ganzi."

"Vidole narudi kuwa sawa?"

"Kwa wengine vinarudi. Kwa wengine havirudi."

"Mama, tuanze?" muuguzi aliuliza. "Kuna watu nyuma yako."

"Ngoja. Huyu hajamaliza." Abbo alimgeukia Nerima na kumtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya benchi. "Na ugonjwa? Hiyo mafuta iko nafundisha ugonjwa?"

Muuguzi alikuwa ameishika sindano. Nerima angeweza kusema hapana, na hakuna mtu katika wodi ile ambaye angembishia.

"Sijui, mama," alisema. "Walioangalia ni wachache. Mimi sijui."

Abbo aliitazama chupa. Halafu akamnyooshea muuguzi mkono wake wa kulia. Wa kushoto akauweka juu ya goti la Nerima, ukiwa mzito, akauacha hapo mpaka chupa ya kwanza ikaisha, naye Nerima hakuthubutu kusogeza mguu.